Mrija wa Taratibu

Wateja walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kumharakisha mtu kitini. Alikuwa kinyozi mwenye chumba kimoja, viti viwili na ulimi usiokaa kimya. Kichwa chako kikiwa na kona, atakwambia, halafu azifiche kwa mkato mpaka utoke umenyoosha shingo.

Alipoanza kugeuka manjano, alisingizia taa. Mkewe akamtoa nje juani, akamvuta kope chini, akamwambia avae viatu waende hospitali.

Huko waliambiwa ana uvimbe kwenye kongosho, umebana njia ya nyongo. Haikuwezekana kuukata, ulishakumbatia mshipa mkubwa wa damu. Kilichobaki ni kumpitishia kamera mdomoni na kumwachia mrija mdogo wa plastiki ndani, ili nyongo ishuke. Haikuchukua muda rangi yake ikarudi. Shemeji yake, kaka wa mkewe, akamtania kwamba alikuwa ameiva vizuri, wangechelewa kidogo wangempeleka sokoni. Taratibu alicheka, akarudi kazini.

Siku moja alikuwa akimnyoa fundi magari wa jirani, baridi kali ikamshika. Mashine ikawa inarukaruka mkononi. Fundi akainuka na shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja, akampakia kwenye gari na kumkimbiza hospitali hivyo hivyo.

Daktari alimtoa ule mrija, akamwonyesha mkewe. Ulikuwa umejaa utelezi wa kahawia, mzito kama uji uliolala. Mkewe akauliza kwa sauti ya chini kama ni mafuta anayopikia.

“Si chakula chako, mama,” daktari alisema. “Ni bakteria. Wanapanda kutoka kwenye utumbo, wanajibandika ndani ya mrija na kujifunika utando. Dawa haiwafikii vizuri. Uchafu wa nyongo unanasa hapo hapo, mwisho mrija unaziba.”

“Na huu mpya?”

“Nao utaziba. Siwezi kukudanganya.”

Mkewe alisikia, lakini moyo wake haukukubali. Alitupa masufuria ya zamani, akachemsha kila tone la maji, akaacha kabisa kukaanga. Taratibu alikula vyakula visivyo na ladha bila kulalamika, maana aliona vinampa mkewe kitu cha kufanya.

Ule mpya ukaziba. Wakamwekea mwingine, nao ukaziba. Wakajaribu wa chuma, wenye mdomo mpana, na huo ulidumu hadi akanona mashavu. Mkewe alianza kuimba tena jikoni. Kisha uvimbe ukapenya kwenye matundu ya wavu wake wa chuma, utando ukafuata, homa ikarudi, na safari hii bakteria wakaingia kwenye damu.

Kamera haikupita tena, uvimbe ulishabana njia yake. Daktari akasema wanaweza kumtoboa ubavuni, wapitishe mrija, nyongo iingie kwenye mfuko wa nje.

“Na huo utaziba?” Taratibu aliuliza.

“Utaziba, mzee. Tutakuwa tunaubadilisha.”

“Basi nirudisheni nyumbani.”

Walipofika, mkewe alimlaza na kumpa mgongo.

“Sijakukimbia, mke wangu,” alimwambia. “Nimechoka tu.”

“Mimi sijachoka,” mkewe akajibu, akatoka.

Baadaye alirudi, hakuligusa tena jambo hilo. Manjano ilikolea ikakaribia ukijani, na mwasho ukamvamia mwili mzima. Kucha zake mwenyewe hazikuwa na nguvu, kwa hiyo mkewe ndiye aliyemkuna, kwa zamu na shemeji. Taratibu alisema kidogo sana siku hizo. Shemeji alijaribu utani wake, akauacha katikati.

Alifariki kabla ya adhuhuri, amelala ubavu. Mkewe alikuwa akimkuna mgongo, akimweleza kwamba fundi magari amepita kumsalimu. Aliendelea kukuna na kueleza, mpaka kiganja chake kikahisi kwamba mgongo haupandi wala kushuka.