Arobaini ya Makinda wa Shore

Mpaka leo nikipita mbele ya fundi cherehani nikasikia mkasi unavyotafuna kitambaa, kacha, kacha, kacha, huongeza mwendo. Mkasi wa bibi yangu, ule mzito wenye mpini uliozungushiwa utepe mweusi, ndio mjomba Sefu alioutumia kutengenezea picha yake maarufu, na tangu siku hiyo sijamheshimu. Namwamkia shikamoo kwa kuwa nimelelewa hivyo. Heshima ni jambo jingine.

Nilikuwa nakaa kwa bibi, kijijini Zinga, mama akifanya kazi mjini. Mjomba Sefu, kitinda mimba wa bibi, alirudi kutoka Dar akiwa na kamera yenye lenzi nene kama mchi, na kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu alivyokuwa navyo vya kutia humo. Kutwa alitazama kwenye simu video za wapiga picha wakubwa wa wanyama, wale wanaolala kwenye tope siku nenda siku rudi wakimngoja chui. Akatutangazia kwamba naye ni mmoja wao. Asubuhi moja alijipaka udongo usoni akalala kifudifudi kwenye mihogo kumngoja nguchiro. Chai yake haijapoa, huyo, amerudi mbio, anavua suruali uani, siafu wamemwingia. Ndipo akaamua kumpiga picha beberu wa bibi, kutokea chini, ili aonekane nyati. Alionekana beberu.

Nyuma ya jiko letu palikuwa na mkomamanga, na ndani yake, pale majani yaliposhikana sana, shore walikuwa wamejenga. Shore ni ndege wa kawaida tu, kichwa cheusi, mwizi wa mapapai, wala sijasikia mtalii aliyetoka kwao kuja kumtazama. Lakini makinda walipoanguliwa, bibi alitoa amri ile ile inayotolewa kwenye nyumba yenye mzazi.

“Huyo ana watoto wachanga,” alisema, akimwonyesha mama shore kwa kidevu. “Hawajatimiza arobaini. Mtu asiwatolee macho, wala asiende kuwatangaza.”

Kwetu mtoto mchanga hukaa ndani na mama yake mpaka siku arobaini zitimie, na si kila mgeni anayefunuliwa uso wake. Bibi akahamisha hata kamba ya kuanikia nguo. Mimi nikapewa kazi ya kufukuza kunguru, wale wenye shingo ya kijivu waliotapakaa pwani yote na wasio na chembe ya haya. Nikirudi kutoka madrasa nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kopo la mawe mapajani. Makinda nilikuwa nawasikia kabla sijawaona. Mama yao akitua tu na panzi, kelele zao zilifika mpaka uani. Niliwapenda, nasema waziwazi. Sikuwahi kuaminiwa kitu kabla yao.

Mjomba aliponiona pale akaja kuchungulia, na macho yakamtoka.

“Kumbe mna dili hapa mnaficha!” Akajaribu kupiga, majani yakamziba. Akamgeukia bibi. “Mama, naomba nipunguze haya matawi.”

“Wana arobaini yao hao, Sefu.”

“Aah, mambo ya kizamani hayo. Wenzetu huko nje, picha kama hii ndiyo inayowatoa. Nikiipata hii mama, nimetoka.”

Nilisubiri bibi akatae. Bibi yangu aliwahi kumnyima imamu tawi la mkomamanga ule. Lakini kwa Sefu alikuwa uji. “Haya, punguza kidogo tu,” akasema, na mkasi akaenda kumletea mwenyewe.

Kacha, kacha, kacha. Kidogo chenyewe kiliisha pale kiota kilipobaki wazi kama bakuli juu ya meza, jua la adhuhuri likiwaka ndani yake. Mama shore akakimbilia paa la jirani. Nilichukua kanga ili niitupe juu ya matawi.

“We Zaina, toka hapo! Unaniharibia mwanga!”

Bibi akaniita jikoni nimenye mihogo. Nikawa namenya huku nimekaza masikio, na kutoka nje nilisikia mlio wa kamera tu, na mjomba akijisifu: “Mama, njoo uone wanavyoimba!” Hakuondoka pale mpaka adhana ya alasiri, kisha akapanda bodaboda kwenda Bagamoyo mjini kutafuta intaneti. Nilirudi na kanga yangu nikaifunga juu ya kiota. Mama shore akaiogopa, hakutua, nikaifungua tena.

Kulipopambazuka kunguru walinitangulia. Nilikuta nyasi za kiota zimetapakaa chini, basi. Nilikwenda kumwambia bibi huku nalia, naye alikuwa anachekecha unga, hakusimamisha mikono.

“Usimwambie mjomba wako, atasononeka,” akasema. “Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.”

Juu ya paa la jirani mama shore alikuwa bado yupo, panzi mdomoni.

Picha ile ilimtoa kweli, ndilo linaloniudhi. Ilisambaa, ikasifiwa, na mwaka jana niliikuta kwenye ukumbi wa hoteli moja ya Bagamoyo, nilikokwenda harusini, imetiwa fremu, imeandikwa “Wimbo wa Asubuhi.” Ilipigwa adhuhuri. Mjomba mwenyewe alikuwa amesimama chini yake, bado na kizibao, akiwaeleza vijana kwamba siri ya kazi hii ni subira. Subira! Mimi nimekwisha kuwaona wapiga picha hasa. Nilimwona mmoja Mbegani, kwenye mikoko, amejifunika matawi mpaka ndege wakasahau kama yupo, na jioni akafunga vitu vyake akaondoka bila picha wala manung'uniko. Sefu aliiga kizibao.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, Zaina. Unawakumbuka?”

Nikasogea karibu. Shingo zimenyooka, midomo wazi, mabawa yametanuliwa, macho nusu yamefumba. Bibi harusi akapita na shoga yake, wakasimama. “Mashallah,” akasema, “wanavyoimba!”

Nilikuwa na miaka tisa na niliamini hivyo hivyo. Imenichukua utu uzima wote kukumbuka kwamba siku ile, pale jikoni, sikuwasikia. Kinda mwenye njaa hupiga kelele mtaa mzima ukajua. Wale walikuwa wanahema kwa jua, na bibi harusi aliomba apigwe picha mbele yao.