Ng'ombe Waliobeba Kiingereza

Mdogo wangu wa kike alikuwa anarudia mtihani wa kidato cha nne kwa mara ya mwisho. Baba alishasema: akishindwa Kiingereza tena, habari za chuo cha uuguzi ziishe, abaki nyumbani. Na mimi, mwalimu mzima wa Kiingereza pale Bariadi mjini, ningekaaje kimya? Nikajitia kimbelembele.

Kilichomshinda zaidi ni kitenzi kimoja, take. Unachukua kalamu, ni take. Unampeleka mtoto zahanati, take. Unameza dawa, unapiga picha, unavua viatu, unafanana na mama yako, safari inakula saa mbili, yote wamelibebesha neno hilohilo kama punda wa maji.

"Kaka, hawa watu hawana maneno mengine?" aliniuliza.

Nilicheka. Kwetu Mwamapalala nyumbani ni Kisukuma, shuleni Kiswahili. Kiingereza tulikiona ubaoni tu.

Ndipo nikapata wazo nililoliona la akili sana. Mdogo wangu hakuwa na kichwa cha kukariri karatasi, ila ng'ombe wa baba aliwajua wote, rangi, pembe, mwendo, nani kazaliwa na nani. Nikamwambia kila ng'ombe tumpe maana moja. Likizo ile, kila asubuhi tulisimama mlangoni mwa zizi, wanatoka mmojammoja, naye anataja. Mwekundu mwenye baka usoni: kumeza dawa. Aliyevunjika pembe: kuvua. Mtamba mweusi, aliyefanana na mama yake mpaka kwato, hata hakuhitaji kufundishwa. Yule mkongwe kuliko wote tulimpa maana ya kwanza, kuchukua. Wiki tatu tu, binti alikuwa anatiririka. Baba alisikiliza kando, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatabasamu kwa ajili ya Kiingereza.

Mwaka ule mvua haikuja. Lambo la kunyweshea lilikauka, likabaki tope lililopasuka. Kila asubuhi tuliwainua kwa mikono ng'ombe walioishiwa nguvu, wawili mkiani, wawili kwenye pembe, mpaka ikawa karibu hakuna wa kuinua. Niliwalilia ng'ombe wa baba. Sikukumbuka kabisa walikuwa wamebeba nini kingine.

Siku ya mtihani nilimsubiri nje ya geti la shule. Alitoka macho makavu.

"Take imekuja," alisema. "Sentensi kumi."

"Si ulizijua zote!"

"Nilianza na Mwekundu, kaka. Nikamwona amelala pale lamboni, tumbo limevimba. Nikaenda kwa yule wa pembe, naye vilevile. Kila niliyemwita alikuwa amekufa. Nimejibu moja tu."

Sikuuliza ipi. Zizini alikuwa amebaki yule mkongwe peke yake.

Nimefundisha watoto wengi wa watu, na wa kwetu nimemharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Siwezi kujisamehe, wala sijaribu.

Matokeo yalipotoka, baba hakugomba. Aliamka kama kawaida, akafungua zizi, akamkabidhi mdogo wangu fimbo. Sasa ndiye anayemchunga yule mkongwe. Nikienda kusalimia sifiki tena asubuhi, maana siku moja nilifika mapema, ng'ombe anatoka mlangoni, nikamsikia mdogo wangu bado anataja: kuchukua.