Glavu Tatu za Baba

Juzi kwenye televisheni walimsifu mchezaji wa besiboli wa kulipwa anayecheza kila nafasi, nikamkumbuka baba. Ijumaa moja alasiri nilipokuwa mdogo, katika mji wa Al Wakrah ughaibuni tulikoishi, alikuwa akicheza besiboli na wafanyakazi wenzake wa hotelini kwenye kiwanja cha vumbi. Mfuko wake ulinuka ngozi na jasho, glavu tatu ndani, kila moja ya nafasi tofauti uwanjani. Nahodha alimhamisha nafasi kila mara, nami nikadhani anaadhibiwa. Nikalia.

"Baba, mbona hawakupi nafasi yako?"

Akanifuta machozi. "Mimi nasimama penye pengo, mwanangu."

Sikuelewa. Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya wiki ya shule huko, mama akiwa amelazwa hospitalini, baba ndiye aliyenisuka nywele za shule. Mistari ilipinda vibaya. Mama aliporudi, nilimkataza asiifumue.