Ufunguo wa Kufuli la Mwalimu

Mashine ile niliipata kazini. Nilikuwa karani katika ofisi ya maji, na mafundi wetu waliitumia kutafutia vifuniko vya chuma vilivyofukiwa chini ya barabara. Ilipozeeka wakaletewa nyingine, na mkubwa wetu akaniruhusu niichukue badala ya kuitupa. Ilikuwa na mpini mrefu, sahani ya duara kule chini, na kisanduku cha betri kilicholia kila sahani ilipopita juu ya chuma. Nikaibeba hadi nyumbani, mtaa wa Buruburu, miaka ya themanini ikianza, na tangu hapo Jumamosi zangu zikawa na kazi.

Usidhani niliokota dhahabu. Mtaa wetu ulikuwa mpya, na wajenzi waliuacha umejaa misumari, vipande vya waya na vizibo vya soda. Mashine ilipiga kelele kila hatua. Lakini udongo wenyewe ni ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, nyufa za kuingiza mkono, na mtu akidondosha kitu humo ndiyo basi tena. Hapo ndipo nilipoitwa mimi. Nilirudisha funguo za kabati la kanisa. Nilimrudishia mzee mmoja wa reli medali yake ya utumishi, akaivaa papo hapo juu ya fulana. Nilipenda kumwona mtu akipokea kitu alichokwisha kukikatia tamaa. Kusifiwa nilikupenda zaidi, afadhali niseme ukweli.

Jirani yangu wa nyumba ya tatu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wanawake wa mtaa wetu waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama fulani na Mama fulani. Yeye tulimwita Mwalimu, kwa sababu ndoa yake ilikuwa imetimiza miaka minane bila mtoto. Mumewe aliendesha lori la masafa marefu. Januari moja pete yake ya ndoa ilimtoka kidoleni akipalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba, naye akaniita.

Siku hiyo mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka mashambani, ameketi nje akichambua maharagwe. Nilianzia kwenye mlango wa nyuma, na mashine ikalia kwa nguvu. Nikachimba mpaka mkono ukazama hadi kiwiko. Kikatoka kitambaa kilichooza, na ndani yake kufuli lililofungwa, halina ufunguo.

Mtu mwenye akili angelirudisha shimoni na kulifukia kimya kimya. Sote tulilelewa tukijua maana ya kufuli lililofungwa na kuzikwa mlangoni pa mwanamke: kuna mtu amekifunga kizazi chake. Lakini mimi nilikuwa msomi wa kujitapa, mtu wa kanisa, mambo hayo nimeyaacha nyuma. Nikaliinua wote walione.

"Hawa wajenzi, hata kufuli wametupa," nikasema huku nikicheka.

Hakuna aliyecheka nami. Mama mkwe aliweka ungo chini. Mwalimu akamtazama, na wanawake wale wawili hawakusemezana tena mpaka yule mkubwa alipofunga mzigo wake kesho yake na kurudi kwao.

Jioni hiyo nilikwenda na nyundo, nikamwambia Mwalimu tulivunje, mambo yaishe.

"Haivunjwi, jirani," akanijibu. "Ukiivunja umeharibu kabisa. Inafunguliwa na ufunguo wake. Huyo aliyeizika lazima ufunguo aliutupa hapa hapa. Si wewe ndiye unatafutia watu vitu? Basi nitafutie."

Mwanamke huyu alikuwa akifundisha sayansi darasa la saba. Nilitaka kumkumbusha, nikaona haya.

Nilitafuta Jumamosi tano. Kila mashine ilipolia alitoka jikoni na kusimama, mikono ikiwa na unga, na kila mara nilimwonyesha msumari. Jumamosi ya tatu niliipata ile pete. Aliitia mfukoni mwa aproni bila kuitazama, akaniuliza kama upande wa uani nimeumaliza. Kisha mvua za masika zikaanza, udongo ukafura na nyufa zikajifunga. Kama kulikuwa na ufunguo, ulikuwa umekwenda.

Nilishindwa kuuvumilia uso wake. Nikamwomba kufuli, eti mashine isikie aina ya chuma chake, nikalipeleka kwa fundi wa kufuli kule sokoni Gikomba. Akachonga ufunguo. Niliuloweka kwenye maji ya chumvi mpaka ukashika kutu, nikaupaka matope, na Jumamosi iliyofuata nikampelekea nikisema nimeuchimbua kando ya ua.

Aliuingiza, akauzungusha, na kufuli likafunguka. Mwalimu aliketi chini kwenye matope na kulia, nami nikafurahi kuliko nilivyofurahi kwa medali wala kitu kingine chochote. Nilipomweleza mke wangu nilichofanya, aliacha kukunja nguo.

"Na asipozaa?" akauliza.

Nilimkasirikia siku nzima kwa swali hilo.

Mwaka huo Mwalimu alinenepa kidogo kwa furaha. Alifuma visweta vya rangi ya maziwa, na akina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Mwaka wa pili aliacha kufuma. Mumewe akawa analala safarini wiki, halafu mwezi, na mtaa mzima ukapata habari kwamba huko njiani ana mke mwingine na mtoto wa kiume.

Alikuja kwangu Jumamosi moja mchana. Hakutaka chai, wala hakuketi.

"Jirani, sitakasirika," akasema. "Nieleze tu ukweli. Ule ufunguo uliutoa wapi?"

Nilimwelewa mara moja. Alikuwa akiniomba niseme nilimdanganya. Kama ufunguo ulikuwa wa uongo, basi hakuna kilichofunguliwa, ubaya ulikuwa wa mtu mwingine, na bado palikuwa na kitu cha kutafuta. Neno moja lingetosha. Lakini nilifikiria mtaa utakavyosema, nikawafikiria wote niliowarudishia vitu, na jinsi kila mmoja angeanza kuvitilia shaka.

"Niliuchimbua pale kando ya ua," nikasema. "Kama nilivyokueleza."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali matokeo ya mtihani.

"Basi ni mimi," akasema.

Akanishukuru kwa taabu yangu. Mwisho wa mwezi alihama, na sikutoka nje kumuaga.