Nyumba ya Eliezeri

Kaka yangu Eliezeri amewajengea watu nyumba kwa mdomo maisha yake yote. Simdharau kwa kusema hivyo, maana mdomo ndiyo kazi yake. Ni mtaalamu wa mipango miji, anaishi Dar es Salaam, Kimara. Wafanyabiashara wakikutana hotelini kuzungumzia viwanja, majengo na namna ya kufufua miji iliyochakaa, yeye ndiye wanayemwita asimame mbele na kipaza sauti. Ana suti ya kijivu kwa ajili hiyo. Ana pia kikohozi kidogo cha kuanzia hotuba, hata kifua kikiwa kizima kabisa.

Mimi ni Raheli, mdogo wake. Nilibaki huku milimani Upareni, kijijini kwetu juu ya Maore, nikaolewa kwa jirani, na sasa nalima tangawizi. Hotuba za kaka nazitazama kwenye simu. Wanangu hunirushia, nami huziangalia huku namenya viazi, na mara nyingi nabishana na simu.

"Matumizi bora ya ardhi," anasema kaka, anaonyesha picha ukutani.

"Njoo basi uitumie ya kwako," namjibu.

Maana anayo ya kwake. Baba kabla hajafa alimwonyesha kiwanja juu ya ndiva. Ndiva ni bwawa letu la asili, walilichimba wazee wetu ili maji ya kijito yajikusanye usiku, asubuhi yafunguliwe yashuke mashambani. Ukisimama kwenye kiwanja hicho unaiona Maore yote chini yako, na mashamba ya mpunga, na mbuga ya Mkomazi inavyokwenda mpaka macho yanachoka upande wa Kenya. Baba alipiga mguu chini, akasema, "Hapa utajenga." Kaka, kijana mwembamba aliyekuwa anaondoka kwenda chuo, akasema, "Nitajenga, baba."

Hajajenga. Kila Krismasi alikuja na mchoro mpya. Mwaka mmoja baraza lilitazama Maore, mwaka mwingine likageuzwa kutazama ndiva. Choo kilihama mara nyingi kuliko mfugaji wa Kimasai, na hata tundu halijachimbwa. Huku kwetu tuna nyumba nzuri za matofali ambazo wenyewe wako mjini. Wanakuja Desemba, wanafungua, wanafagia buibui, wanakula makande, wanafunga, wanaondoka. Kaka yangu hakuwa na hata ya kufunga. Alilala kwangu, kwenye kitanda cha wanangu, miguu ikining'inia.

Hakushindwa kwa ufukara. Wala mkewe, Devotha, hakumzuia; kila mwaka alimwuliza kama afungashe vyombo. Nadhani kaka aliogopa. Nyumba iliyo kwenye karatasi haina ufa, na yeye alikuwa amekwisha kuwaambia watu wengi mno jinsi nyumba inavyopaswa kuwa.

Lakini alikuwa anapakumbuka hapa, Mungu ni shahidi. Alinipigia simu kuniuliza kama ukungu umeshuka. Aliniuliza kama ile njia ya kanisani bado inateleza pale kwenye jiwe. Asubuhi moja alipiga mapema, akaniomba niende nikasimame kwenye kiwanja wakati ndiva inafunguliwa, nimnyooshee simu asikie maji yakitoka. Nilikwenda. Nilikuwa namsema njia nzima, kanga imelowa mpaka magotini, lakini nilikwenda. Nikanyoosha simu juu ya maji. Nilipoirudisha sikioni nilimsikia kaka anapumua tu, nikaona haya, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake anavaa.

Basi mwaka jana, ikiwa imebaki miezi michache astaafu, wafanyabiashara wa Same wakaandaa kongamano. Mada yake ilikuwa kufufua miji midogo, na mzungumzaji mkuu alikuwa kaka. Niliposikia hivyo nilishona gauni. Nikashuka Maore, nikapanda basi linalopita Kisiwani mpaka Same mjini, nikaketi nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na meza ya chai.

Nikubali ukweli: alizungumza vizuri. Alikohoa kikohozi chake, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akawatembeza watu mji wao wenyewe kana kwamba hawajawahi kuuona. Akataja maduka ya zamani upande wa stesheni, yenye mabaraza mapana ya saruji ambapo watu walikaa wakijikinga jua. Akasema mji haufufuliwi kwa vioo, unafufuliwa kwa watu kuishi ndani yake. Halafu akapanda mlimani, kwa maneno tu. Akasema juu yetu, kwenye milima hii hii, kuna nyumba zilizofungwa na viwanja vilivyolala, na kila kiwanja kilicholala kinamnyima mtu mwingine maisha. Nilishika kikombe changu kwa mikono miwili. Nilijua anamsema nani, ila yeye mwenyewe hakujua.

Ukaja wakati wa maswali. Mshereheshaji akaomba watu wasijitambulishe sana kwa sababu muda umekwenda. Akasimama mwanamume mwenye koti la kahawia. Nilimtambua mara moja: Loth, mwenyekiti wa kamati yetu ya ndiva. Kaka hakumtambua. Angemtambuaje? Loth alizaliwa yeye akiwa keshaondoka, na kila Krismasi kaka hutoka kwangu kwenda kiwanjani tu, akarudi.

"Shikamoo, mtaalamu," akasema Loth.

"Marahaba."

"Sisi kwetu tuna bwawa la kumwagilia. Limejaa matope, halitoshi tena. Tunataka kulipanua, lakini pa kupanulia ni upande mmoja tu, na upande huo una kiwanja cha mtu. Mwenyewe yuko mjini miaka yote. Hajengi, halimi. Sasa tumfanye nini mtu kama huyo?"

Alisema bwawa. Angesema ndiva, kaka angeshtuka. Neno hilo lingemshika shati. Lakini Loth, kwa adabu mbele ya wageni wa Dar, alitumia Kiswahili cha mkutano. Mpaka leo sijui kama ilikuwa adabu au makusudi. Wanatutania kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na kweli uwakili sisi hatuendi kuusomea. Nilipomwuliza Loth baadaye alinitazama kwa upole akasema, "Dada Raheli, wale wageni ndiva wangeijua?"

Kaka naye alikuwa amekwisha kupamba moto. Akatoka nyuma ya meza, akaja mbele.

"Mwambieni achague," akasema. "Aitumie au awaachie. Na kama ni muungwana, atawaachia. Ardhi haiwezi kukaa inamngoja mtu ambaye haji."

Ukumbi ukapiga makofi. Loth akainamisha kichwa. "Ahsante, mtaalamu. Tumesikia." Akakaa.

Mimi sikupiga makofi. Wakati wa chakula nilimkuta kaka mlangoni na sahani yake, amezungukwa na watu wanaotaka picha. Nikamvuta mkono.

"Kaka, unamjua aliyekuuliza habari za bwawa?"

"Nani? Yule wa koti?"

"Ni Loth. Mtoto wa marehemu Anaeli. Wa kwetu."

Sahani aliiweka juu ya kiti, wali wote juu yake, hakuushika tena.

"Alisema bwawa," akasema.

"Ndiyo. Alisema bwawa."

Nje gari lilikuwa linamngoja, maana kesho yake alikuwa na wafanyabiashara wengine Dar. Akasimama uani anaitazama milima. Kutoka Same huwezi kukiona kijiji chetu, kiko nyuma, lakini alitazama kana kwamba anakiona. Mimi nilikuwa na hasira naye, tena hasira ya miaka, na papo hapo nilitamani kumbeba mgongoni nipande naye.

"Hati ya kimila ina jina langu," akasema.

"Ndiyo. Ukishitaki utashinda."

"Nitakuja, Raheli. Safari hii nakuja kujenga."

Akapanda gari, akaondoka.

Kijijini habari zilinitangulia kufika. Mkutano ukaitwa, Loth akarudia maneno ya kaka neno kwa neno, hata kikohozi alikiweka. Watu wakakubaliana siku ya msaragambo. Huo ndio utaratibu wetu tangu zamani: pembe inalia, kila nyumba inatoa mtu, kazi ya wote inafanywa na wote. Loth alimpigia kaka mwenyewe kumwarifu siku, kwa heshima zote, na kaka akamjibu neno moja tu, kwamba atakuwepo. Basi watu wakajiandaa kwa kesi. Wazee wengine walivaa makoti yao ya barazani wakaja na majembe, ili wawe tayari kwa lolote.

Alifika asubuhi na ukungu. Hakuvaa suti. Alikuwa na mchoro umekunjwa chini ya kwapa na hati ya kiwanja mfukoni. Niliiona kona yake. Watu wakamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha wote wakasimama na majembe pembeni ya ndiva. Loth hakuthubutu kuanza. Ingetosha kaka kuitoa ile karatasi, na kila mtu angerudi kwake, na ndiva ingeendelea kujaa matope.

Yeye akapanda kwenye kiwanja peke yake. Nikamfuata, sikuweza kujizuia. Akaufungua mchoro, akaulinganisha na ardhi, akatembea. "Hapa ni mlango," akaniambia. "Hapa sebule. Hapa ningeweka kiti cha baba." Akafika ukingoni akasimama. Ukungu ukapasuka kidogo, Maore ikaonekana chini na mabati yake, na mpunga umewiva. Akatazama sana.

"Nilichelewa tu," akasema. "Raheli, sikuwa nimekataa. Nilichelewa."

Nilitaka kumwambia ashitaki. Kweli kabisa. Nilitaka ashike hati yake, apige kelele, ajenge hata kibanda, ilimradi azeeke karibu yangu. Lakini kule chini walisimama wenzangu ambao mahindi yao yalikuwa yamekauka misimu miwili, na mimi mwenyewe tangawizi yangu ilikuwa imenyauka mwaka ule. Nikafunga mdomo.

Akaukunja mchoro, akashuka. Loth akaona hana budi kuanza. Msaragambo wetu wa kuchimba hugawanywa kwa vipande: mwenyekiti anatembea na fimbo, anapima, anaita kila nyumba na sehemu yake. Aliye mjini jina lake halitajwi. Hatumruki kwa chuki, ila hana nyumba, na kipande hupewa nyumba. Loth akaanza kupima kutokea chini, anapanda kuelekea kwenye kiwanja. Nyumba ya huyu, hapa mpaka hapa. Nyumba ya yule. Akaita nyumba yangu. Akafika mbele ya kaka, akataka kupita kama tunavyopita siku zote.

"Loth," akasema kaka. "Nyumba yangu umeiweka wapi?"

Wazee wa makoti wakasogea. Hapo kila mtu alijua kesi imeanza. Loth mwenyewe akashusha fimbo.

"Mzee, sisi tulifuata maneno yako ya Same. Kama kuna..."

"Sisemi hayo. Nakuuliza kipande. Kila nyumba umeipa kipande. Ya kwangu iko wapi?"

Ilimchukua Loth muda kuelewa. Ilinichukua hata mimi. Kisha akavua kofia, akahesabu hatua kwenye ile ardhi ya baba, pale pale sebuleni, akachomeka fimbo.

"Nyumba ya Eliezeri," akaita kwa sauti, "hapa, mpaka kwenye masale."

Tangu nizaliwe sikuwahi kuyasikia maneno hayo yakitamkwa kijijini kwetu. Kaka akakohoa kile kikohozi chake. Watu wote wakatulia wakingoja hotuba. Akaegemeza mchoro kwenye masale, ile mimea tunayopandia mipaka, akachukua jembe langu mkononi, akainama.

Alichimba vibaya, viganja vikachubuka, vijana wakamtania kwamba anachimba kwa slaidi. Akacheka nao. Alipodhani hakuna anayemwona alifuta macho kwa mkono wenye udongo, akabaki na alama shavuni mpaka tulipokula makande. Sikumwambia aifute.

Mvua zimekuja. Ndiva imejaa, imepanda mpaka kwenye masale, na tangawizi yangu imeshika vizuri. Kaka amestaafu lakini bado wanamwita kwenye makongamano yao, na bado analala Kimara. Asubuhi nyingine hunipigia, nami huenda kunyoosha simu juu ya maji.

"Umesimama wapi?" ananiuliza.

"Mlangoni kwako. Sebuleni maji yananifika kifuani, siingii."

Anacheka, kisha hacheki tena. Nasikia magari ya Kimara nyuma yake.

"Pembe italia lini tena?"

"Jumamosi ya kwanza."

"Nitakuja," anasema. "Na nikichelewa, Raheli, chukua jembe unisimamie. Mwambie Loth asiiruke nyumba yangu."