Kona ya Kabati

"Mama, kigae chako kimenikata tena! Nikanyage wapi humu ndani, juu ya ulimi wako?"

"Ungeinua miguu usingekatwa," mama mkwe alijibu pale kitini. "Ila mwizi kazoea kunyata."

Ndizo zilizokuwa salamu zao za asubuhi. Mkamwana alikuwa ameshapata wajukuu, lakini mtaa mzima bado ulimwita Mkono Mrefu, jina alilobandikwa akiwa bibi harusi.

Mwaka ule wa harusi sebule ilimwagwa terazo, ile saruji yenye vipande vya marumaru inayosuguliwa hadi ing'ae. Mama mkwe hakumwamini mtu na vipande vyake. Alivitawanya mwenyewe, konzi kwa konzi, juu ya saruji mbichi. Jioni akatazama kidole: pete ya ndoa haipo. Ashukiwe nani kama si mgeni? Sanduku la bibi harusi likapekuliwa mbele ya majirani, hadi chupi zikapeperushwa. Pete haikupatikana. Jina likapatikana.

Kisha, kwa adhabu, akapewa jiwe la kusugulia na ndoo ya maji. Akasugua sebule nzima kwa magoti, tope la saruji likimfika viwikoni. Alipoingia kona ya kabati, mama mkwe aliyekuwa amemsimamia kichwani akamfukuza ghafla: "Inuka! Pametosha!" Sakafu haikupigwa deki hata mara moja. Vigae vikaletwa vikaifunika, eti terazo ina baridi, inamla mifupa. Mifupa iliyoliwa ilikuwa ya magoti ya mkamwana, na haijanyooka mpaka leo. Hata wanawe, kijiko kikipotea, hucheka: "Muulizeni mama."

Basi siku hiyo ya kukatwa hakumwomba mumewe ruhusa. Mume mwenyewe ni wa "tutaona" tangu ujana, na hajaona kitu. Akaita fundi.

Vigae viling'oka kama magamba ya samaki mkavu. Chini yake ikatoka sakafu aliyoisugua, nyeupe, nyeusi na nyekundu, ikiwa hai kabisa chini ya gundi na uchafu.

"Kona ya kabati iacheni," mama mkwe akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Pana unyevu. Nimesema iacheni!"

Mkamwana akamtazama. Kisha akalisukuma kabati mwenyewe, kwa bega.

"Hapa pamepakwa saruji kwa mkono," fundi akasema. "Alama za vidole hizi hapa, vitatu."

Akagonga. Bonge likabanduka. Pete ilikuwa imelala humo, imesagwa upande mmoja na jiwe la mkamwana mwenyewe. Siku ile tope lilimziba macho. Aliyesimama juu yake alikuwa ameona.

"Niing'oe?" fundi akauliza.

"Iache. Ipige mashine hapo hapo, ing'ae."

Sakafu ilipokwisha, mkamwana alikigeuza kiti cha mama mkwe kikatazama kona. "Kaa hapa, mama, upunge upepo." Upepo gani, kwenye ukuta? Miguu ya kizee ilikuwa imekufa, hakuweza kujisogeza. Akigeuza shingo, kiti kinageuzwa kumfuata. Wageni wakiuliza kinachong'aa pale ni nini, mkamwana hujibu, "Muulizeni mwenyewe," huku akimwaga chai.

"Mke wangu, yatosha," mume akanong'ona. "Ni mzee huyu."

"Na mimi nilipopigishwa magoti nilikuwa nini, kigae?"

Siku moja akaja jirani, yule yule aliyelishika sanduku likipekuliwa. Naye akauliza.

"Pete yangu. Niliidondosha mwenyewe," mama mkwe akasema, macho sakafuni. "Hakuiba. Niliiona kabla ya vigae."

Jirani akakohoa, akajifanya kutafuta kiatu chake.

Mkamwana hakulia. Alishika mgongo wa kiti, magoti yakalia ko, ko, akakigeuza taratibu hadi dirishani kwenye mwanga.

"Haya, mama. Tumemalizana."