Papa Kizito na Chandarua cha Bwawa

Ukitaka kujua jinsi muntu mwenye akili anavyoweza kujitengenezea ujinga kwa mikono yake mwenyewe, muulize Papa Kizito wa Kalemie. Hatanuna. Atakuvutia kiti, atakuuzia kinywaji, kisha atakueleza yote, na pale alipoonekana mpumbavu zaidi ndipo atakapocheka kukushinda wewe.

Alianza na beseni moja la ndagala, vile visamaki vya ziwani, sokoni, akafika kuwa na bwawa lake. Kuuza maji ya kuogelea kwa watu wenye ziwa zima mlangoni si kazi ya kila muntu. Lakini ziwa lilipopanda na kumeza fukwe pamoja na vibanda vya bia, Kizito alikumbuka bwawa dogo kule kilimani, alilojenga mzungu mmoja wa reli zamani za Wabelgiji ili aogelee bila kuogopa mamba. Lilizuiwa na tuta la udongo na mawe, hatua sitini kwa urefu. Alipatana bei na wenye bwawa siku tatu, akidharau kila alichokitaka: maji machafu, njia mbaya, tuta zee.

"Niliwaambia lile tuta ni bovu," husema. "Kumbe njo neno moja tu la kweli nililosema siku zote tatu."

Akaweka viti, mishikaki, mitumbwi miwili iliyopakwa rangi, na tilapia majini. Tilapia njo zilizomtia wazimu. Kila mvua iliponyesha, zilitokea kwenye mfereji wa pembeni, ule wa kumwaga maji yanayozidi, zikateremka hadi bustani ya Mama Consolate, aliyelima mboga za lengalenga chini ya tuta. Mama alizipokea kwa kikapu, akamshukuru Mungu. Kizito hakutajwa. Hilo lilimuuma. Akachukua chandarua cha mbu, kile cha kugawiwa bure, akakikunja mara mbili, akakifunga kwenye mdomo wa mfereji.

Jumapili moja Florent, fundi aliyejenga madaraja mengi, alikuja kula samaki. Alizunguka tuta kabla hata ya kuagiza.

"Papa Kizito, uko na magonjwa tatu hapa. Chini ya tuta udongo unalowa hata kiangazi. Ule mchikichi ulioukata pale juu, mizizi yake inaoza ndani, inaacha matundu. Na hiki chandarua kitazibwa na majani, maji yatapita juu ya tuta. Yakishapita juu, hakuna tena maneno."

"Tatu ni nyingi. Nipunguzie."

"Siuzi nyanya, Papa."

"Basi moja. Chagua."

"Toa chandarua. Ni bure."

Bure! Tangu lini dawa nzuri ikawa ya bure? Kizito alimshuku. Akaona heri apake tuta chokaa ya Kabimba, upande wanaokaa wateja. Likang'aa kama jino la bandia.

Mwezi wa tatu, Jumamosi mchana, mvua ilishuka bila kupumua. Kesho yake kulikuwa na harusi, na familia ilikuwa imeagiza tilapia themanini. Kizito alisimama chini ya mwavuli akitazama maji yanapanda. Chandarua kilikuwa kimevimba majani kama godoro. Kilibaki kiganja kimoja tu maji yafike kichwa cha tuta. Mama Consolate akapanda mbio, matope hadi magotini.

"Papa Kizito, toa ile kitu!"

"Ngoja kidogo, Mama. Mvua itapunguka."

"Unapatana na mvua? Mama mukwe wangu iko kitandani pale chini, hatembei! Shuka umwambie yeye angoje!"

Kizito alifungua kinywa kutoa hoja nyingine, ndipo akaona. Pale palipokuwa mchikichi, ulimi wa maji ulikuwa umeshapita juu ya tuta, unateremka upande wa pili pamoja na udongo mwekundu. Upana wa kidole. Akiwa bado anautazama, ukawa wa ngumi.

Hapo ikatoka aibu nyingine: muuza maji ya kuogelea hajui kuogelea. Alijifunga kamba kiunoni, Mama Consolate akashika ncha, naye akaingia na kisu cha jikoni.

"Ukiniachilia nitakufa!"

"Ukichelewa nitakuachilia!"

Alikata upande mmoja. Tilapia nene ikampita, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukaidaka.

"Kata! Unakamata nini?"

Akaiachia, akakata. Chandarua kikapasuka, mfereji ukanguruma, na samaki wote wa harusi wakapita katikati ya miguu yake, na mama zao na shangazi zao. Ule ulimi juu ya tuta ukakonda, ukakatika. Wawili hao wakajaza pengo kwa mifuko ya udongo hadi jioni.

Asubuhi alishuka bustanini. Mama mukwe alikuwa kitandani, anakunywa chai. Mabeseni manne yalijaa tilapia. Kizito akaanza kama kawaida yake: samaki wadogo, wananuka matope, macho yamelegea.

"Njo samaki zako unazitukana," Mama Consolate alisema.

"Kama ni zangu, nipunguzie."

"Nakupa zote, hata franka sitaki. Lakini ule mfereji utauchimba ushuke mikono miwili, mbele ya macho yangu, na hutaufunga tena. Na Florent atafumua pale palipooza, apajenge upya."

Kizito akajaribu kupatana, uwe mkono mmoja. Mama akaanza kufunika mabeseni. Ikawa miwili.

Harusi ilikula vizuri. Jumatatu Kizito alikuwa ndani ya mfereji na sururu, mawe ya mzungu yanamrushia cheche. Bwawa lilikuwa limeshuka, mtumbwi mmoja umekalia matope. Mama Consolate alikuwa juu ya beseni lililopinduliwa, kijiti cha kupimia mkononi.

"Imetosha?"

Akashusha kijiti. "Ongeza."

"Mama, kimebaki kidole kimoja tu!"

"Njo hicho ninachokitaka."

Kizito akatema mate viganjani, akakichimba.